Jiwe Lina Uso

Mgeni anayeshuka stendi ya mabasi Singida akitaka kuuzunguka mji kwa miguu, peke yake, hatakuta ramani ya kununua wala kibao cha kumwambia jengo hili lilijengwa na nani. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, una vyote hivyo, na vijana wa kutembeza wageni watamfuata hadi mlangoni mwa hoteli. Singida atakuta mawe. Yamekaa katikati ya makazi, nyuma ya maduka, kwenye viwanja vya shule, na kando ya maziwa mawili yanayoubana mji, Singidani na Kindai. Mengine yanaizidi kwa ukubwa nyumba ya vyumba vinne. Na palipo na mawe mengi kiasi hicho, wapo watu walioishi nayo hadi wakayajua, na kazi ya mikono yao imo kwenye misingi, kuta, ngazi na mitaro ya mji mzima. Mimi naona hiyo ndiyo njia bora ya kuutembea mji huu: ufuate kazi ya waashi wa mawe, ukuta mmoja hadi mwingine, mwendo wa polepole. Huhitaji mtu wa kukuongoza. Unahitaji kujua nini cha kutazama.

Tuanze na jiwe lenyewe. Graniti ya Singida ni sehemu ya mwamba wa kale sana ulio chini ya Tanzania ya kati na kuendelea hadi kwenye majabali ya Mwanza, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Ukilitazama kwa karibu utaona chembe za rangi tatu: nyeupe au waridi, kijivu kinachong'aa kama kioo, na vitone vyeusi. Kile kijivu ni kwatzi, nacho ni kigumu kuliko chuma cha tindo, ndiyo maana tindo huisha makali upesi hapa. Jua la mchana huipasha ngozi ya mwamba moto, baridi ya usiku wa Juni na Julai huirudisha, na kwa miaka isiyohesabika ngozi ile imekuwa ikimenyuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Pembe huliwa kwanza, kwa sababu hupigwa na hewa na maji kutoka pande zaidi ya moja. Ndiyo sababu majabali ya Singida ni ya mviringo, na mengine yamebaki yamepandana juu ya mengine hata mgeni akadhani kuna aliyeyapanga.

Wachonga mawe wanaijua tabia hiyo bila kuisoma popote. Nje kidogo ya mji, mwamba unapojitokeza juu ya ardhi kama sakafu, utawakuta wakiupasua kwa moto. Kuni hupangwa juu ya mwamba na kuwashwa, wakati mwingine kwa saa nyingi. Tabaka la juu hupata joto na kutanuka, la chini hubaki baridi, na baina yao hutokea mpasuko usioonekana kwa macho. Kazi inayofuata ni ya sikio. Mchongaji hupita na nyundo akigonga taratibu, hatua kwa hatua. Palipo pazima nyundo hurudi na mlio mkali, mfupi. Palipoachia mlio huwa mzito, wa kitu chenye uwazi ndani. Atagonga hapa, atasogea kidogo, atagonga tena, hadi aujue mpaka wa bamba zima lililoachia. Ndipo inapokuja nyundo kubwa, kisha mtaimbo kuingizwa ufani na kunyanyua. Bamba likitoka vizuri huwa na unene unaokaribiana kutoka ncha hadi ncha, na mgongo ulionyooka ambao hakuna tindo iliyougusa.

Nasikitika kwamba siku hizi katika sehemu nyingi za nchi matairi chakavu yamechukua nafasi ya kuni. Yanawaka kwa muda mrefu na hayana gharama kubwa, lakini ule moshi mweusi unawaingia watu wale wale wenye kazi, pamoja na vumbi la kwatzi ambalo kwa miaka huharibu mapafu. Kazi nzuri hivi ingestahili kulindwa vizuri zaidi. Kitambaa chenye maji puani ni kidogo sana, na wengi hata hicho hawana.

Kinamama ndio wengi kwenye kokoto. Jiwe dogo huzungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kama pete, mkono mmoja hushika pete, mkono mwingine hushusha nyundo, na vipande hubaki ndani ya pete badala ya kuruka machoni. Kifaa hicho ni rahisi, na sijaona kilicho bora kuliko hicho kwa kazi hiyo. Lundo la kokoto upande wa kulia ni la ukubwa mmoja, la kushoto ni la ukubwa mwingine. Zege la mji huu, pamoja na lile la majengo makubwa ya ofisi, limebeba mapigo mengi ya nyundo hizo.

Sasa ingia mjini. Kutoka ufukweni mwa Singidani, majabali yanaposhuka hadi majini, unaweza kupanda taratibu kuelekea Ipembe na Majengo, ukapita Utemini, ukamalizia upande wa Kindai. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa mtu asiye na haraka. Tazama chini kwanza. Nyumba nyingi za sasa zimejengwa kwa tofali za saruji au za kuchoma na kuezekwa bati, kama kwingine kote Tanzania, lakini zimesimama juu ya msingi wa mawe. Mahali penye mteremko msingi huo hupanda mita nzima au zaidi upande wa chini, na hapo ndipo fundi hujulikana. Juu lipu na rangi zimefunika kila kitu. Chini mkono wa mtu uko wazi.

Fundi niliyemtazama kwa muda mrefu kuliko wote nilimkuta kwenye kiwanja cha namna hiyo, upande wa Mandewa, akiinua msingi wa nyumba pamoja na saidia fundi wawili. Mtu mzima, kofia ya kufuma kichwani, timazi yake ni uzi wenye nati kubwa ya gari mwishoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Karibu, usikanyage kamba tu."

Kamba ilikuwa imevutwa kutoka kona moja hadi nyingine, na kona zote mbili zilikuwa zimeshainuliwa kabla ya ukuta wa katikati. Kona ndiyo iliyochukua mawe bora ya lundo zima: makubwa, yenye pembe mbili zilizokaribia mraba, yakipandana kwa kupokezana, moja limelala kufuata ukuta huu, la juu yake limelala kufuata ukuta ule. Kona ikifungwa hivyo kuta mbili zinashikana na haziwezi kuachana. Ukipita barabarani na kuona ufa unaoshuka wima kwenye kona ya nyumba, mara nyingi ni kwamba pale hapakufungwa.

Jinsi alivyofanya kazi ilikuwa hivi. Alitazama kwanza nafasi iliyo wazi ukutani, si lundo la mawe. Aliitazama kwa kituo, kisha akageuka na macho yake yakapita juu ya lundo mara moja, akanyoosha kidole. Kijana akalileta jiwe na kulitua.

"Hilo geuza," fundi akasema. "Jiwe lina uso. Huo ulionipa ni mgongo."

Kijana akageuza, na kweli upande wa pili ulikuwa bapa, mpana, umepasuka safi. Fundi akalikalisha kavu, bila udongo, akaweka kiganja juu na kulitikisa. Lilicheza. Akalitoa, akalipiga ncha moja ya chini mapigo mawili ya nyundo, kipande cha ukubwa wa dole gumba kikaruka, akalirudisha. Halikucheza. Hapo tu ndipo alipolinyanyua tena, akatandika udongo wa saruji kwa mwiko, akalikalisha na kuligonga kwa mpini wa nyundo. Udongo ukachomoza pembeni kidogo, akaukata kwa ncha ya mwiko na kuutia kwenye kiungo cha jiwe la jirani. Nati ya timazi ikashushwa, ikatulia, na uso wa jiwe ulikuwa umesimama sawa na uzi.

Nilimuuliza mbona anahangaika na jiwe kavu wakati udongo utajaza nafasi yote. Akajibu bila kuacha kazi: "Udongo ni wa kuziba, mkubwa. Wa kubeba ni jiwe."

Sentensi hiyo inatosha kumpa mtu macho ya kuutembea mji mzima. Kwenye ukuta wa fundi anayeijua kazi, jiwe limelala juu ya jiwe, na udongo ni mstari mwembamba unaozuia maji na wadudu. Kwenye ukuta uliofanywa kwa pupa, mawe yanaelea kwenye saruji kama hayajuani, viungo vina unene wa vidole vitatu au vinne, na siku saruji ile ikichakaa mawe yatatoka moja baada ya jingine. Kanuni ya pili ni kwamba viungo visifuatane wima. Kila kiungo kifunikwe na jiwe la juu yake. Kanuni ya tatu mpita njia haioni yote, ila anaweza kuihisi: baada ya kila hatua kadhaa kuwe na jiwe refu lililovuka unene wa ukuta kutoka nje hadi ndani, linaloshikanisha nyuso mbili za ukuta. Fundi wa Mandewa aliyatenga mawe hayo pembeni tangu mapema, kwenye kilundo chake peke yake, na saidia fundi hawakuruhusiwa kuyagusa.

Kuna kitu kingine nilichokiona kwake ambacho sikukiona kwa wengi. Mawe madogo ya kujazia hakuyatupa ndani kwa beleshi. Aliyapanga katikati ya ukuta kwa mkono, moja moja, kana kwamba yangeonekana. Hayataonekana na mtu yeyote, labda siku nyumba itakapobomolewa.

Ukitoka hapo ukarudi katikati ya mji utaona mengi uliyoyapita asubuhi bila kuyaona. Utaona kuta za kuzuia udongo barabarani, zilizolala nyuma kidogo zikiuegemea mlima, na matundu ya kutolea maji yaliyoachwa chini ili mvua za Januari zisiusukume ukuta. Utaona mitaro iliyojengwa kwa mawe, na ngazi za bamba moja moja zilizosuguliwa na nyayo hadi zikaanza kung'aa. Utaona pia nyumba ambazo mwenyewe amepiga lipu juu ya msingi mzuri wa mawe kisha akachora juu ya lipu mistari ya kuigiza mawe, na kuipaka rangi nyeupe. Hilo huniuma kila ninapoliona. Jiwe halisi liko chini ya sentimita mbili za saruji, na lililochorwa juu yake halina uso wala mgongo.

Jiwe halikuwa njia ya kwanza ya kujenga hapa. Wanyaturu, Wanyiramba na jirani zao Wagogo walijenga tembe: nguzo na fito zilizokandikwa udongo, paa bapa la miti lililotandazwa udongo mzito juu yake, kimo kifupi, milango michache. Kwa nchi yenye mvua chache, upepo mkali na jua kali, ni jengo lenye akili nyingi: paa lile hukaa baridi mchana na kutunza joto usiku, na upepo wa Singida unaong'oa bati hauna pa kulishika. Kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 na kuenea kwa bati kumeyapunguza sana, lakini nje ya mji bado unaweza kuyakuta. Ukilikuta, piga hodi na uombe kutazama mlango ulivyokaa na nguzo zilivyochaguliwa. Fundi wa tembe naye hutafuta uso wa mti, na panda yenye pembe sahihi huiona ingali porini.

Kazi ya graniti ina ndugu zake Afrika nzima. Great Zimbabwe, iliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, ni graniti ya aina hii hii, iliyomenyuka yenyewe au kwa moto ikatoa mabamba yaliyokaribia kulingana, na ikapangwa bila udongo wowote hadi kuta za mita 11. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kule Monduli, wakulima wa karne zilizopita walipanga mawe makavu kwa matuta na mifereji ya maji iliyoenea mashamba kwa mashamba. Uskochi upo mji wa Aberdeen, ambao karibu katikati yake yote imejengwa kwa graniti, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuutembea kwa sababu hiyo tu. Sioni kwa nini Singida isitembelewe kwa namna hiyo. Mkoa una hata kurasa za kale zaidi juu ya jiwe hilo hilo: michoro ya miambani, jamaa ya ile ya Kondoa iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, ambayo baadhi yake iko upande wa Iramba na Mkalama. Wachoraji wale walichagua kuta zilizoinama mbele, mvua isifike.

Mawe yaliwaongoza wasafiri hapa kabla ya barabara. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikishaipita Ugogo, iliingia Mgunda Mkali, pori kavu lililo leo upande wa Manyoni na Itigi, lenye vichaka vizito na maji ya shida. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilivuka kwa kuhesabu vituo, na miongoni mwa vituo hivyo palikuwa Jiwe la Mkoa, jabali la mviringo ambalo Richard Burton aliliandika alipopita na John Speke mwaka 1857. Jabali linaonekana kutoka mbali, lina kivuli, na baada ya mvua maji hubaki kwenye mashimo yake. Mpagazi mwenye frasila mbili begani hakuhitaji zaidi ya hayo ili kujua yuko wapi.

Basi yupo mtu atakayeuliza mji wa kihistoria uko wapi mkoani Singida, maana mjini penyewe majengo mengi si ya zamani sana. Jibu langu ni Kilimatinde. Iko wilaya ya Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ikitazama chini bonde la Bahi. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi hapo miaka ya 1890 na kujenga boma, na kwa muda ilikuwa makao ya utawala wa nchi kubwa kuizunguka. Kisha ikaja Reli ya Kati. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, ikapita chini ya ukingo, Saranda, na kupanda kwenda Manyoni. Kilimatinde ikabaki kando, na shughuli zikaifuata reli. Kwa mtembeaji hilo ni bahati, kwa kuwa mji ambao biashara imeuacha haubomolewi ovyo ili kupisha maghorofa. Kanisa la Anglikana na hospitali viliendelea kuupa uhai, na ni mji wa kuzungukwa kwa miguu bila kuchoka.

Adabu ya kutembea peke yako ni ile ile kote mkoani. Salimia kabla ya kutazama, kwa sababu mtu anayekodolea macho ukuta wa nyumba ya watu bila salamu anatia wasiwasi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na majengo ya serikali yaache. Usipande jabali lolote kabla ya kuuliza, kwani mengine wenyeji huyatumia kwa matambiko. Beba maji. Na ukimkuta fundi kazini, simama mbali na kamba.

Kwenda Kilimatinde kutoka Singida mjini, panda basi la Dodoma ushuke Manyoni, kisha ulizie usafiri wa kwenda huko. Ni vizuri kulala Manyoni ili ufike mapema, maana ukingo unatazama mashariki na mwanga wa saa moja hadi saa tatu asubuhi unazipiga kuta kwa ubavu. Wakati huo kila kiungo kina kivuli chake, na utaona ni jiwe lipi limekaa juu ya jiwe na lipi limekaa juu ya udongo. Saa sita jua likiwa utosini kuta zote zinafanana. Anza na kona.